Safu ya Mahali pa Kuzaliwa

Tarehe 9 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama tuko wazima, na hata lile goti la Mama linaloumwa mvua ikikaribia nalo ni zima, maana mvua yenyewe imesusa. Vipi huko mpakani? Shemeji bado anaendesha lile lori la maji au wamempandisha cheo akabeba risasi? Msalimie, na umwambie ile kofia yangu aliyoondoka nayo nimemsamehe.

Huku vita tunaisikia redioni na tunaishangilia kama mpira. Siku ya kwanza watu waliimba barabarani mpaka sauti zikawakauka. Na mimi kazi zimenifurika. Mwaka jana nilikuwa nachora "Tunaziba pancha" na "Kinyozi yupo". Mwaka huu sijachora kinyozi hata mmoja. Ni "Adui ana masikio" kila ukuta, na "Kila sindano ni silaha" kwenye kiwanda cha nguo, ambako sasa wanashona sare tu. Mtaa wetu umebadilishwa jina. Nililifuta la zamani mimi mwenyewe na kuandika jipya kabla sijanywa chai. Yule mfamasia wa kona, ambaye wazazi wake walitoka upande ule, alikuja kuniomba nimbadilishie kibao cha duka. Nikamwandikia "Duka la Dawa la Ushindi", herufi za kijani, na bado wakamvunjia vioo.

Sasa sikia habari yenyewe. Ofisi ya usajili inaandika upya daftari la wakazi wa kata nzima, na karani wao anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Msajili aliyaona mabango yangu, akaniita. Basi mdogo wako siku hizi ana meza, ana kiti kinachozunguka na wino wa rangi mbili. Tunanakili kutoka madaftari ya zamani. Wenzangu wasipokuta kitu wanaacha nafasi wazi na kwenda zao. Mimi siwezi. Unanijua, nafasi tupu katikati ya ukurasa inaniwasha macho kama mchanga. Nauliza, nakumbuka, najaza. Ukurasa wa nyumba yetu umekuwa msafi kuliko yote. Msajili aliuinua akawaonyesha wenzangu. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichobaki wazi.

Mama anakufumia zile soksi zako za vigutu vya waliokatwa miguu, amefikisha sita. Ananiuliza mbona siku hizi unataka nyingi hivyo. Nimemwambia wagonjwa wako ni wachafu.

Mdogo wako,
Brashi

*

Tarehe 21 Juni

Brashi,

Marahaba. Wagonjwa wangu si wachafu, ni wengi. Kabla ya vita karakana hii ilikuwa inatoa miguu miwili kwa mwezi, ya wazee wenye kisukari, na tulikuwa na muda wa kuchagua mbao na kupiga soga. Sasa tunatoa miwili kwa siku na foleni inafika jikoni. Wengi hawajaota ndevu. Mmoja aliniomba nimtengenezee mguu mrefu kidogo, kwa sababu alikuwa bado anakua. Soksi za Mama hawazivui. Wanapenda ule uzi mwekundu anaouweka kwenye pindo, wanasema unawasaidia kujua mbele ni wapi. Mwambie aendelee, moja moja, asije akasahau akafuma jozi.

Shemeji yako anakusalimia. Kofia anayo, na anasema haikuwa yako.

Ila barua yako imenikausha mate. Umesema hakuna kisanduku kilichobaki wazi. Kwenye mahali pa kuzaliwa pa Mama umeandika nini? Marehemu Baba alipaacha patupu miaka yote, na hakupaacha kwa uvivu. Unajua Mama alizaliwa ng'ambo ya kijito. Wakati anaolewa kile kijito kilikuwa cha kufulia nguo, wanawake wa pande mbili wanaazimana sabuni. Leo kina mizinga huku na mizinga kule. Hapa mjini wameanza kuwachukua watu wenye asili ya huko, nyumba kwa nyumba, na wanaanza kwa kufungua daftari.

Nijibu upesi. Na Mama asiende sokoni. Akitamka maneno mawili tu na ile lafudhi yake, soko zima litageuka.

Dada yako

*

Tarehe 3 Julai

Dada,

Shikamoo. Punguza presha. Kisanduku cha Mama nimekiacha kama Baba alivyokiacha. Niliposema hakuna kilichobaki wazi nilikuwa najisifu tu, unajua domo langu.

Mama haendi sokoni, naenda mimi. Nimenunua nyanya mbovu na wauzaji wananicheka. Soksi ni nane sasa.

Brashi

*

Tarehe 4 Julai

Kwa Msajili wa Wakazi

Mheshimiwa,

Mimi ni yule mchora mabango anayenakili daftari ofisini kwako, meza ya tatu kutoka dirishani. Naandika kwa kuwa jana nilikuja mlangoni kwako mara tatu, na mara zote tatu ulimi ulinikwama.

Ukurasa wa 212, mstari wa kwanza, safu ya mahali pa kuzaliwa, nimeandika kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka. Mwanamke huyo ni mama yangu mzazi. Daftari la zamani halikuwa na kitu hapo. Nilijaza mimi, kwa kukumbuka hadithi alizotusimulia tukiwa watoto, na hadithi za wazee hutiwa chumvi. Huenda alizaliwa hapa hapa. Naomba ruhusa ya kukwangua neno moja tu. Nina wembe mzuri na mkono wangu hautetemeki. Hakuna atakayejua kwamba karatasi iliguswa.

Mama ana miaka sitini na nane. Binti yake anawatengenezea askari wetu miguu, na yeye anawafumia soksi askari hao hao. Kama taifa linatafuta adui, kwenye nyumba yetu halitampata.

Wako mtiifu,
Mchora Mabango

*

Tarehe 19 Julai

Ndugu Mchora Mabango,

Barua yako imepokelewa na ukurasa wa 212 umechunguzwa.

Marekebisho yanaruhusiwa pale tu ambapo mwandiko hausomeki au unaleta utata. Mwandiko wa ukurasa huo ni bora kuliko wote katika daftari na hauna utata wowote.

Mtajwa amepangiwa Msafara wa Kurejea Nyumbani, utakaoondoka uwanja wa michezo tarehe 2 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi. Mzigo ni mmoja kwa kila mtu, usiozidi kilo kumi.

Unakumbushwa kwamba kurasa 300 hadi 340 zinatakiwa mezani kabla ya Ijumaa.

Msajili wa Wakazi

(Na chini, kwa kalamu ya risasi: Pole, kijana. Na mimi nina wakubwa wangu.)

*

Tarehe 6 Agosti

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Telegramu yako tuliipata tarehe 30. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba Shemeji amelipuliwa na lori lake darajani. Pole, Dada. Pole sana. Lori la maji, Mungu wangu, mtu anabeba maji! Kofia ilikuwa yake. Nilikuwa namtania tu, ilikuwa yake tangu mwanzo.

Mama alilia mpaka alfajiri. Alikwenda sandukuni akatoa ile shali ya kijivu ya Baba, akajifunga, na tangu hapo hajaivua. Alisema mkwe wake ndiye mtu pekee aliyekuwa anamcheka lafudhi yake bila kumuumiza.

Sasa amepumzika. Macho yanamsumbua, hawezi kuandika, ndiyo maana naandika mimi. Anasema usihangaike kuja, safari ni ya hatari. Anasema ule, hata kama huna hamu.

Ofisi ya usajili nimeacha. Nimerudi kwenye ngazi na makopo yangu ya rangi. Mtaa umekuwa kimya, nyumba tisa zina makufuli mapya, na juu ya kila kufuli kuna karatasi ya serikali. Walinipa kazi ya kuziandika nikasema naumwa mkono.

Mdogo wako,
Brashi

*

Tarehe 14 Agosti

Brashi,

Ahsante kwa pole zako. Nimezikwa na pole hapa. Kila mtu ana pole ya kunipa na hakuna mwenye mume wa kunipa. Walimleta kwenye turubai. Mimi, ninayewapa watu miguu, sikupata hata pa kuanzia.

Narudi kazini kila siku. Nikikaa nyumbani nasikia lori likigeuza uani.

Nikueleze jambo, kwa sababu wanawake wa hapa wameanza kunitazama vibaya na nataka ulisikie kutoka kwangu. Tarehe 4 malori matano ya watu wao, wale wanaorudishwa kwao, yalisimama getini kwetu. Injini ya moja ilikuwa imechemka. Daktari mkuu akaingia karakana akauliza nani atatoka na ndoo ya maji awape wale watu, wengi ni wazee. Wauguzi wawili wakatoka. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai. Nilisema, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie, wakanyweshwe na waliomuua mume wangu. Nikafunga dirisha. Walikaa juani nusu saa. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho. Sijutii, Brashi. Kama kuna kitu ninachojutia ni kwamba haikuwa saa nzima.

Usimsomee Mama sehemu hiyo.

Mwambie soksi nimezipata, zote kumi na moja. Nilizikuta kwenye mfuko juu ya meza yangu jioni ile ile. Umempa dereva gani? Hukuweka hata kikaratasi, siku hizi umekuwa bahili wa wino? Ya kumi na moja ilikuwa haijaisha, imeachwa na sindano zake. Nadhani ni hayo macho. Nimeimalizia mwenyewe, lakini pindo langu halikukaa kama lake.

Dada yako

*

Tarehe 23 Agosti

Dada,

Shikamoo. Naomba uniambie, huo mfuko wa soksi nani aliuweka mezani kwako? Ulikuwa wa rangi gani? Na pale dirishani, kabla hujalifunga, uliona nyuso za watu au uliona malori tu? Nauliza kwa sababu dereva niliyempa simwamini, huenda amepoteza vitu vingine.

Mama anakusalimia.

Brashi

*

Tarehe 1 Septemba

Brashi,

Nimemuuliza askari wa getini. Hakuna dereva aliyeleta kitu. Mfuko alipewa na bibi mmoja kwenye lori la tatu. Bibi alitaka kushuka, wakamkatalia. Akampa askari mfuko na kumwambia awape watu wa miguu. Askari anasema muda wote uliobaki bibi yule alikuwa anayatazama madirisha yetu. Anamkumbuka kwa sababu alikuwa amejifunga shali ya kiume, ya kijivu, kwenye joto lile.

Nina swali moja. Mama yuko wapi?

Dada yako

*

Tarehe 10 Septemba

Dada,

Unajua yuko wapi. Nitakuambia yote, na usinihurumie popote.

Nilijaza. Nilikudanganya tarehe 3 Julai nikijua ninadanganya. Ukurasa ulikuwa na visanduku sitini na tatu, na kimoja kilikuwa kitupu, cha Mama, juu kabisa, mahali ambapo jicho linaanzia. Sikufikiria vita wala mpaka. Nilifikiria ukurasa. Nilikuwa nalijua jina la kile kijiji, nikaliandika, na ule mkia wa herufi ya mwisho niliupinda vizuri sana, nakumbuka nilitabasamu. Barua yako ilipofika nilikwenda kuomba nikwangue. Walinijibu kwamba mwandiko wangu ni mzuri mno.

Mara mbili nilibaki peke yangu na lile daftari na wembe mkononi. Mara mbili nilisikia hatua kwenye korido nikautia wembe mfukoni. Watu wengine wanapigana vita. Mimi niliogopa hatua za mfagizi.

Mama nilimwambia siku tano kabla. Alikuwa anafuma. Hakuniuliza nani kaandika. Alisema, "Kwa hiyo nitakwenda kufia kwetu, kama bibi harusi aliyerudishwa." Akacheka, halafu akaomba nimwongezee uzi mwekundu.

Halafu ikaja telegramu ya Shemeji. Nilishika kalamu kukuandikia kuhusu Mama, nikashindwa. Nilijiambia mtu hawezi kupokea viwili kwa wiki moja. Huo ndio uongo niliojipa mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilijua utauliza nani aliandika.

Dada, bado jambo moja, na hili ndilo linaloniamsha. Pale uwanjani, akiwa ameshapanda lorini, aliniinamia akaniuliza, "Wanasema tutapita mji wa dada yako. Umemwandikia kwamba napita?" Injini zilikuwa zinanguruma, watu wanalia, askari ananisukuma. Nikamwambia ndiyo, Mama, anajua, atakuwa getini.

Akafurahi. Akakaa upande wa kulia ili akuone.

Sistahili, lakini nijibu.

Brashi

*

Tarehe 20 Januari

Ndugu Mchora Mabango,

Kufuatia mkataba wa amani, mpaka wa taifa umesogezwa mbele kilomita kumi na nne kutoka kijito cha zamani. Vijiji arobaini vilivyokuwa ng'ambo sasa ni sehemu ya nchi yetu. Wote waliozaliwa katika vijiji hivyo wanahesabika kuwa raia tangu kuzaliwa.

Ofisi inahitaji vibao arobaini vya kukaribisha, pamoja na daftari jipya la wakazi wa vijiji hivyo. Kwa kuzingatia ubora wa mwandiko wako, jina lako limependekezwa. Orodha ya vijiji imeambatanishwa.

Msajili wa Wakazi

*

Tarehe 28 Januari

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu Septemba. Sijui kama unazisoma au unawashia jiko. Washia, ila hii isome kwanza.

Nimekuwekea humo barua ya Msajili. Tazama orodha, namba 17. Ndicho kijiji chake. Neno lile lile, Dada. Kama ningeliandika leo, Mama angekuwa raia kuliko mimi na wewe. Nimeipeleka hiyo barua ofisini, nikaiweka mbele ya Msajili pamoja na ukurasa wa 212, nikamwambia, haya, rudisheni. Alivua miwani akasema ofisi haina msafara wa kurudisha watu nyumbani kutoka nyumbani. Hakuwa anatania. Alikuwa anasoma sheria.

Nchi imeshinda, hujasikia? Walipiga mizinga ya furaha, watu wakalala chini barabarani, maana hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mizinga ya furaha. Kila mahali nachora "Viti hivi ni vya majeruhi wa vita", kwenye mabasi, benki, hata kwa kinyozi. Viti vimewaishia, sasa nachora kwenye madawati. Yule aliyenunua duka la mfamasia hajui dawa hata moja. Anauza bendera.

Vibao nilivichora, vyote arobaini. "KARIBU NYUMBANI", nyeupe juu ya buluu. Utanitukana. Lakini nilitaka kimoja kifike kule kabla yako au kabla yangu, endapo bado yupo na anapita njiani. Namba 17 nilikichora kwa siku mbili. Daftari lao nimekataa.

Wewe uko karibu, na una kibali cha jeshi. Nenda umtafute, Dada. Mimi nimeomba kibali mara tatu.

Mdogo wako,
Brashi

*

Tarehe 17 Machi
Kijiji namba 17

Brashi,

Barua zako zote nilizisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kukutukana nilifika kwenye ile chai.

Nimekuja na mkoba wangu wa kazi, kwa sababu jeshi halikunipa ruhusa ya kutafuta mtu, lilinipa ruhusa ya kupima vigutu. Kijito nimekivuka kwa hatua tano. Nilisimama nikahesabu, nikarudi nikahesabu tena. Hatua tano, na hata viatu havikujaa maji.

Kijiji hakina watu wa kuandika kwenye daftari. Jeshi letu lilipokaribia walikimbia mbele zaidi, na sasa wamelala nje ya mpaka mpya wakituita wavamizi. Wamebaki wagonjwa na wasioweza kutembea, na mwanamke mmoja mzee anayefanana na Mama mpaka nikaogopa kumsogelea. Ni mtoto wa mama yake mdogo, kwa hiyo ni mama yetu mdogo, ingawa hakuna aliyewahi kutuambia yupo. Anasikia kwa shida. Tuliongea kwa kupigiana kelele siku nzima, na lafudhi yake, Brashi, ilikuwa ile ile.

Mama alifika tarehe 5 Agosti. Nyumba ya baba yake ilikuwa na watu wengine, wakampa chumba cha nyuma. Na unajua walimwitaje? Mgeni. Walisema anaongea kama watu wa upande wetu. Miaka arobaini tulimcheka anavyoongea kama wao, akarudi kwao wakamwona jasusi. Mtu wa serikali yao alikuja na daftari lake akamuuliza anatoka wapi, na yeye akakaa kimya. Nadhani alikuwa amejifunza.

Alikufa tarehe 19 Oktoba, kwa homa, kwenye darasa la shule lisilo na madawati. Nimewauliza watu watatu na wote wametaja tarehe moja. Shali waliizika naye.

Nilimuuliza mama mdogo kama alinitaja. Nilimuuliza mara mbili, nikidhani hakusikia, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kunijibu. Alisema Mama aliwasimulia safari nzima, joto, injini iliyochemka, wauguzi wawili walioleta maji. Wakamuuliza, si ulisema una binti pale? Akawaambia ndiyo, yupo, na anajua kwamba nimepita, ila ana kazi nyingi. Akasema, "Miguu ya watu haiwezi kusubiri, mimi naweza." Kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, mpaka mwisho. Alinitetea, Brashi. Watu wakinisema, alikuwa ananitetea.

Wewe uliandika na mimi nilifunga dirisha. Sitaki tugombanie nani zaidi. Ungeniambia, ningetoka na ndoo. Lakini pia ningeweza kutoka na ndoo bila kuambiwa.

Kaburi lilikuwa na jiwe tu. Nilitaka mbao, na mbao hapa zimeishia kwenye mioto ya askari. Kwa hiyo nilikwenda kwenye njia ya kuingilia kijiji, nikaking'oa kibao chako. Ni kizuri, nisikudhulumu. Ni kazi bora uliyowahi kufanya. Nilikilaza kwenye magoti yangu nikatoa randa yangu ya kuchongea miguu, nikakipiga randa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. "Nyumbani" ilikuwa ngumu kutoka, ulikuwa umepaka rangi mara tatu.

Nimekisimika kichwani kwake. Najua utapata kibali siku moja, na najua utakuja na brashi na kopo la rangi, na utakapokiona macho yataanza kukuwasha. Yaache yakuwashe. Hakina jina, hakina tarehe, hakina mahali pa kuzaliwa. Usiguse.

Dada yako